Poul la Cour, mwalimu wa kijijini aliyeufuata upepo hadi nyuma ya panga

Tarehe 12 Februari 2008 picha moja ilipigwa kutoka angani juu ya Bahari ya Kaskazini, mbele ya pwani ya magharibi ya Denmark. Inaonyesha turbini za upepo za Horns Rev zikiwa zimesimama majini kwa mistari. Siku hiyo hewa ilikuwa na unyevu mwingi, na nyuma ya kila turbini ukungu mweupe ulijichora kama mkia. Mkia wa turbini ya kwanza ulifika kwa ya pili, wa pili ukafika kwa ya tatu, na huko nyuma yote ikawa wingu moja. Wahandisi walilijua jambo hilo zamani kwa vipimo na hesabu. Siku hiyo hata mtu asiyejua hesabu aliliona kwa macho.

Jambo lenyewe ni hili. Turbini haitengenezi nguvu yake yenyewe. Inaichukua kutoka kwenye upepo, kwa hiyo upepo unaotoka nyuma yake umepungua mwendo na umevurugika. Turbini iliyo nyuma inapokea mabaki. Horns Rev ilijengwa mwaka wa 2002 ikiwa na turbini 80, kila moja ya megawati 2, na kati ya moja na nyingine waliacha meta 560, yaani mara saba ya upana wa duara la mapanga. Hata hivyo, upepo unapovuma sambamba na mstari, turbini ya pili inaweza kutoa umeme pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko ya kwanza. Zile zinazofuata hazipotezi zaidi sana, kwa sababu hewa yenye kasi inashuka kutoka juu na kuchanganyika na ile iliyokwisha kutumika.

Swali la kujua upepo unakuwaje baada ya kukutana na panga halikuanzia baharini. Katika nchi kavu, upande wa mashariki wa bandari ya Esbjerg, kuna kijiji kinachoitwa Askov. Huko, zaidi ya miaka 100 kabla ya picha hiyo, mwalimu mmoja wa fizikia alijenga kinu cha upepo chenye kutoa umeme, kisha akaanza kupima hewa yenyewe ili ajue kwa nini kinu kimoja kinashinda kingine. Jina lake Poul la Cour. Wadenmark wanamtaja kama baba wa umeme wa upepo nchini mwao, na nchi hiyo leo ni kati ya zile zinazoutegemea upepo kuliko karibu nchi zote duniani.

La Cour alizaliwa tarehe 13 Aprili 1846 karibu na mji mdogo wa Ebeltoft, upande wa mashariki wa rasi ya Jutland, katika familia ya wakulima wenye shamba kubwa. Jina lake linasikika kuwa la Kifaransa, na kweli asili yake ni Ufaransa: ukoo wake ulitokana na Waprotestanti waliokimbia mateso huko na kutafuta hifadhi kaskazini. Kaka yake, Jørgen Carl, alikuja kuwa mtaalamu anayejulikana wa kilimo. Poul alienda Copenhagen kusoma fizikia na elimu ya hali ya hewa.

Alipokuwa na umri wa miaka 18, nchi yake ilipigwa vita. Mwaka wa 1864 Prussia na Austria ziliishinda Denmark na kuinyang'anya Slesvig na Holstein, sehemu kubwa sana ya ardhi yake na ya watu wake. Kushindwa huko kuliwaumiza Wadenmark wa kizazi chake kuliko jambo lingine lolote. Wengi waliona kwamba, kwa kuwa nje wamepoteza, ni lazima wajijenge ndani, na ndani maana yake ilikuwa vijiji, mashamba na watoto wa wakulima. Bila kukumbuka hilo ni vigumu kuelewa uamuzi ambao la Cour angeuchukua miaka 14 baadaye.

Kwanza lakini alionekana kuwa njiani kuelekea cheo kikubwa. Mwaka wa 1872 serikali ilianzisha Taasisi ya Hali ya Hewa ya Denmark chini ya Niels Hoffmeyer, na la Cour akawekwa kuwa msaidizi wake akiwa na miaka 26 tu. Kazi ya taasisi ilitegemea telegrafu: bila habari za haraka kutoka vituo vya mbali, hakuna utabiri wa mvua wala wa dhoruba. Tatizo la telegrafu ya wakati huo lilikuwa waya. Waya mmoja ulibeba ujumbe mmoja, na waya ulikuwa ghali.

Mwaka wa 1874 la Cour alipata njia ya kupitisha ujumbe mwingi juu ya waya mmoja. Alitumia uma za sauti, vile vyuma vyenye ncha mbili ambavyo wanamuziki wanavigonga ili kupata noti. Kila uma ulikata umeme kwa mdundo wake, na upande wa kupokea, uma wenye mdundo ule ule tu ndio uliotikisika, nyingine zilinyamaza. Katika kazi hiyo alibuni pia gurudumu lenye meno lililozungushwa na sumaku ya umeme kwa mwendo usiobadilika, likifuata mdundo wa uma. Gurudumu hilo lilitumika baadaye katika telegrafu ya Mmarekani Patrick Delany.

Bahati mbaya, ng'ambo ya bahari watu wengine walikuwa wakitembea njia hiyo hiyo. Mmarekani Elisha Gray alikuwa na wazo linalofanana, na Alexander Graham Bell, akitafuta telegrafu ya sauti nyingi, aliishia kwenye simu. Kukawa na mabishano ya nani ametangulia. Jina la la Cour halikubaki katika historia hiyo, ingawa magazeti ya kwao yalishaanza kumlinganisha na Edison.

Mwaka wa 1878 aliacha Copenhagen, akaacha cheo katika taasisi, akaenda kuwa mwalimu huko Askov. Kwa mtu wa umri wa miaka 32, mwenye jina na mwenye kazi ya serikali, wengi wangeona ni kushuka ngazi. Askov haikuwa hata mji. Ilikuwa na shule ya wananchi, aina ya shule iliyotokana na mawazo ya mchungaji na mwandishi N. F. S. Grundtvig, ambako vijana wa vijijini walikuja kujifunza historia, lugha, nyimbo na mambo ya nchi yao bila mitihani wala cheti. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka wa 1844. Baada ya vita Rødding ikawa upande wa Wajerumani, na mwaka wa 1865 kazi yake ikahamishiwa Askov, kaskazini kidogo ya mpaka mpya. Kwa hiyo la Cour alienda kufundisha karibu kabisa na mahali nchi yake ilipokatwa.

Chini ya mkuu wa shule Ludvig Schrøder, alipewa hisabati na fizikia. Namna yake ya kufundisha ilikuwa ngeni: hakuanza na kanuni, alianza na historia. Wanafunzi walipelekwa kwa watu wa zamani waliokwama kwenye swali fulani, wakakwama pamoja nao, kisha wakatafuta njia ya kutoka. Kutokana na masomo hayo aliandika kitabu cha hisabati kupitia historia, na baadaye, pamoja na mwanafunzi na msaidizi wake Jacob Appel, kitabu kikubwa cha fizikia cha namna hiyo hiyo. Appel mwenyewe alikuja kuongoza shule ya Askov, na hata kuwa waziri wa elimu.

La Cour na mke wake Hulda Barfod walilea watoto wao huko kijijini. Mmoja wao, Dan, aliyezaliwa mwaka wa 1876, alirudi pale ambapo baba yake aliondoka: kuanzia 1923 aliongoza Taasisi ya Hali ya Hewa ya Denmark.

Miaka ilipita, umeme ukaanza kuingia mijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Copenhagen na miji mingine michache ilipata vituo vya umeme. Nyaya za wakati huo hazikuweza kupeleka umeme mbali bila hasara, na hakuna kampuni iliyotaka kuchimbia nguzo kwa ajili ya mashamba yaliyotawanyika. La Cour aliona hatari ambayo watu wa mjini hawakuiona. Viwanda vitapata mashine zinazokwenda kwa umeme, mafundi wadogo wa vijijini watashindwa bei, vijana watafunga mizigo kuelekea mjini, na kijiji kitabaki na taa za mafuta na wazee. Denmark haikuwa na makaa yake ya mawe. Ilinunua ya Uingereza. Lakini upepo ilikuwa nao kila upande, na maelfu ya vinu vya kusagia nafaka vilikuwa vimesimama tayari mashambani.

Mwaka wa 1891 aliomba fedha kwa serikali, akapewa. Mwaka huo huo kinu cha majaribio kilisimama Askov, karibu na shule. Kwa sura hakikuwa na ajabu, kwa sababu kilifanana na vinu vingine vya mapanga manne. Tofauti ilikuwa chini, ambako badala ya jiwe la kusagia kulikuwa na dinamo.

Tatizo la kwanza lilikuwa upepo wenyewe, ambao hautulii. Unavuma kwa nguvu, unalegea, unarudi. Jiwe la kusagia linavumilia hali hiyo, dinamo haivumilii. La Cour alibuni kifaa alichokiita kratostati. Ulikuwa mfumo wa mikanda, magurudumu na uzito, uliopangwa hivi kwamba mkanda unabeba nguvu ya kiasi fulani tu. Upepo ukizidi, ile ziada inapotea kwa mkanda kuteleza, na dinamo inaendelea na mwendo wake kama vile hakuna kilichotokea. Chombo hicho kilikuwa rahisi kiasi kwamba fundi wa kijiji aliweza kukitengeneza, na ndivyo mwenyewe alivyotaka.

Tatizo la pili lilikuwa siku zisizo na upepo. Betri za wakati huo zilikuwa ghali na hazikudumu. La Cour akachukua njia nyingine: kutumia umeme wa kinu kupasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni, kwa mtambo wa Mwitalia Pompeo Garuti, kisha kuhifadhi gesi hizo kwenye matangi. Kuanzia 1895 hadi 1902 shule ya Askov ilimulikwa kwa gesi hizo. Wanafunzi walisoma usiku chini ya taa zilizotokana na upepo wa juzi. Haikuwa kazi isiyo na hatari. Zaidi ya mara moja oksijeni kidogo ilijipenyeza ndani ya hidrojeni, gesi ikalipuka, na madirisha ya majengo ya shule yakalazimika kuwekwa vioo vipya. Leo, wakati serikali nyingi zinazungumzia hidrojeni ya kijani kama jambo la kesho, inafaa kukumbuka kwamba shule hiyo ya kijijini iliitumia kwa miaka saba, vioo vikivunjika na kurudishwa.

Kinu kilifanya kazi, lakini la Cour hakuridhika. Hakuna aliyeweza kumwambia kwa uhakika panga linapaswa kuwa na upana gani, liinamishwe kiasi gani, na yawe mangapi. Mafundi wa vinu walikuwa na kanuni zao, walizozirithi kwa baba zao, na fundi wa wilaya hii hakukubaliana na fundi wa wilaya ile. Mawazo ya wengi yalikuwa kwamba upepo unasukuma panga kama mkono unavyosukuma mlango. Ikiwa ni hivyo, ubao mwingi zaidi utapata nguvu nyingi zaidi, na dawa ni kujaza duara lote kwa mbao. Huko Marekani vinu vya kuvuta maji vya wafugaji vilikuwa na vipande vingi hivi, vikizunguka polepole.

Kulikuwa na vipimo vya zamani. Mhandisi Mwingereza John Smeaton alitoa matokeo yake mwaka wa 1759, baada ya kuzungusha vinu vidogo kwenye mkono mrefu ndani ya chumba. Lakini mkono unaozunguka una kasoro: baada ya mzunguko wa kwanza, hewa ya chumba nayo inaanza kuzunguka, na kinu kinachopimwa kinapita ndani ya hewa ambayo chenyewe kimekwisha kuisukuma. Kwa maneno mengine, kinakutana na mkia wake.

La Cour aligeuza mambo. Aliacha kinu kidogo kisimame, akaileta hewa. Kati ya 1896 na 1900 alitumia mabomba mapana ambamo feni ilisukuma hewa kwa mwendo uliojulikana, na mbele ya mdomo wa bomba akaweka mbao na vinu vidogo, akipima nguvu kwa mizani. Hakuwa wa kwanza duniani kutumia bomba la upepo. Waingereza walikuwa na la kwao mwaka wa 1871. Lakini alikuwa kati ya wa kwanza kulitumia kwa ajili ya vinu, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: leo mwinamo, kesho upana, keshokutwa idadi.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Huko Copenhagen, Johan Irminger wa kiwanda cha gesi alipata bomba la upepo pasipo kununua feni: alitumia mvuto wa hewa wa bomba refu la moshi la kiwanda. Pamoja na mhandisi H. C. Vogt alipima shinikizo la hewa pande zote mbili za vibao, na jambo walilolipata lilikuwa la kushangaza. Upande wa mbele upepo unasukuma, ndiyo. Lakini upande wa nyuma, ule usiopigwa na upepo, kuna ufyonzaji, na ufyonzaji huo mara nyingi unashinda msukumo wa mbele. La Cour aliwasiliana nao, na matokeo ya pande zote mbili yakaungana.

Kutoka hapo panga halikuwa tena mlango unaosukumwa. Likawa kitu ambacho hewa inapita kandokando yake, na sehemu kubwa ya kazi inafanyika nyuma. Kama hewa inapita nyuma ya panga vizuri bila kukatika, panga linavutwa. Kama inakatika na kuwa mawimbi ya vurugu, nguvu inapotea. Ndiyo sababu ubao uliopindwa kidogo unashinda ubao ulionyooka, na ndiyo sababu mwinamo wa panga karibu na mhimili haufai kuwa sawa na ule wa ncha, ambayo inakwenda kasi zaidi.

Kisha ikaja hesabu ya mapanga. Vipimo vilionyesha kwamba kuongeza panga hakuongezi nguvu kwa kipimo kile kile. Panga la ziada linaleta kidogo kuliko lililotangulia, mpaka mahali ambapo halileti kitu. Sababu ni kwamba kila panga linaacha nyuma yake hewa iliyopungua mwendo na kuvurugika, na kama linalofuata liko karibu mno, linaingia ndani ya hewa hiyo kabla upepo mpya haujafika. Mapanga machache yanayozunguka haraka yanafaa zaidi kwa dinamo kuliko mengi yanayozunguka taratibu. La Cour alichora kile alichokiita kinu bora: mapanga manne, membamba kuliko ya zamani, kila moja likiwa na kipimo cha upana na mwinamo kutoka mhimili hadi ncha. Matokeo aliyatoa katika kitabu kuhusu kinu cha majaribio, mwaka wa 1900 na 1903.

Mapanga kubanana ndani ya duara moja si jambo lile lile kabisa na turbini kusimama moja nyuma ya nyingine, meta mia kadhaa mbali. Lakini kosa linalofanyika ni la ukoo mmoja, nalo ni kudhani kwamba upepo uliokwisha kufanya kazi bado ni upepo ule ule. La Cour aliliona kosa hilo kwenye vinu vidogo vya mezani.

Inafaa kusema pia asichokifanya. Kinu chake bora hakikufika mbali kama vipimo vyake vingemruhusu. Mapanga yangeweza kuwa membamba zaidi na ya kasi zaidi, kama yalivyokuja kuwa baada ya elimu ya ndege kukua. Yeye alibaki kwenye umbo ambalo seremala na mhunzi wa kijiji wangeweza kulijenga na kulitengeneza likivunjika. Wakosoaji wengine wanaona hapo udhaifu. Lakini mtu aliyekuwa anajengea vijiji, na si maonyesho ya Paris, alikuwa na haki ya kuchagua hivyo.

Mwaka wa 1897 kinu cha pili, kikubwa zaidi, kilikuwa kimejengwa Askov. Mwaka wa 1902 taa za gesi zilizimwa shuleni, kwa sababu betri zilikuwa zimekuwa bora, na kinu kikawa kituo cha umeme cha kijiji kizima, kikiwa na betri na injini ya mafuta kwa siku zisizo na upepo. La Cour alitengeneza pia swichi inayojifunga yenyewe dinamo inapokuwa na nguvu ya kutosha kujaza betri, na kujifungua upepo unapolegea, ili umeme wa betri usirudi kinyume. Kifaa kidogo, lakini bila hicho ingebidi mtu akeshe kinuni usiku kucha.

Mwaka uliofuata, 1903, ilianzishwa kampuni ya umeme wa upepo ya Denmark, iliyowashauri wanakijiji waliotaka kituo chao: waweke kinu cha ukubwa gani, betri ngapi, nyaya zipite wapi. Ikaonekana haraka kwamba mashine peke yake hazitoshi, maana hakuna mtu huko mashambani aliyejua umeme. Kwa hiyo mwaka wa 1904 la Cour alianzisha Askov mafunzo ya mafundi umeme wa vijijini. Vijana wakulima walijifunza nadharia kwa miezi michache, wakavuta nyaya, wakarudi kwao na kazi mpya. Kwenye kundi la mwaka huo wa kwanza alikuwepo kijana wa miaka 17, Johannes Juul.

Poul la Cour alifariki tarehe 24 Aprili 1908, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 62.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata mafuta na makaa, vinu vya mtindo wake vilipata soko kubwa. Kufikia 1918 vituo vya umeme vya vijijini karibu 120 nchini Denmark vilikuwa na turbini ya upepo, nyingi za kilowati 20 hadi 35. Zote pamoja zilitoa karibu asilimia 3 ya umeme wa nchi. Kisha amani ikarudi, dizeli ikashuka bei, nyaya za mjini zikafika mashambani, na vinu vikaachwa kimoja kimoja. Kinu kikubwa cha Askov kiliungua mwaka wa 1929.

Nadharia nayo iliendelea bila yeye. Mwaka wa 1920 Mjerumani Albert Betz wa Göttingen alitoa hesabu inayoonyesha kwamba hakuna kinu, hata kikamilifu namna gani, kinachoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59 na kidogo ya nguvu ya upepo unaopita. Kama kingechukua yote, hewa ingesimama nyuma yake na kuziba njia ya hewa inayofuata. Kwa hiyo mkia nyuma ya turbini hauwezi kuondolewa kwa ufundi wowote. Unaweza tu kupangiwa nafasi.

Johannes Juul, yule kijana wa 1904, alifanya kazi ya umeme maisha yake yote na akarudi kwenye upepo akiwa na zaidi ya miaka 60. Mwaka wa 1957 turbini yake ilisimama Gedser, kusini kabisa mwa Denmark: mapanga matatu, duara la meta 24, kilowati 200. Mapanga yalifungwa bila kugeuka. Upepo ulipozidi, hewa ilikatika nyuma ya mapanga na nguvu ikapungua yenyewe, kwa hiyo turbini haikukimbia mpaka kuvunjika. Juul alikuwa amechukua ile vurugu ya nyuma ya panga, ambayo mwalimu wake aliihesabu kuwa hasara, akaifanya breki. Turbini ya Gedser ilifanya kazi mpaka 1967, na bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, Wadenmark walianzia hapo.

Turbini zilipoanza kujengwa kwa makundi, swali la mikia lilirudi kwa nguvu. Mwaka wa 1983 mtafiti N. O. Jensen wa maabara ya Risø alitoa hesabu fupi ya namna mkia unavyopanuka na kupona kadiri unavyokwenda mbali, na mpaka sasa wapangaji wa turbini wanaitumia. Mwaka wa 1991, miaka 100 baada ya kinu cha kwanza cha Askov, turbini 11 za kilowati 450 zilisimamishwa baharini huko Vindeby, kwa mistari miwili. Lilikuwa kundi la kwanza duniani kujengwa baharini. Karibu nalo watafiti walisimika nguzo zenye vipima-upepo, ili wajue nini kinabaki cha upepo unapotoka upande wa pili. Vindeby iling'olewa mwaka wa 2017.